Bi Shamba Anajibu: Ukuta umeingia shambani

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Kisauni, hapa Mombasa, na karibu zote zinaanza na ukuta: kuna mtu anajenga, au amekwisha kumwaga mawe tayari kujenga. Nimechagua tano. Moja imeandikwa kwa ukali nami nimeijibu kwa ukali kidogo. Mhariri kaiacha hivyo hivyo.

*Asalaam aleykum Bi Shamba. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Mtopanga. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna ploti wazi ambayo mwenyewe yuko Nairobi. Mwaka 2011 alimwambia marehemu mume wangu tuilime, ili watu wasitupe taka na wahuni wasijifiche. Tumelima mihogo, kunde, mchicha, mnavu na mipapai. Kuna minazi mitatu tuliyoikuta na miwili tuliyoipanda wenyewe, nayo sasa yazaa. Juzi alikuja na fundi, wakapima, wakapaka rangi mawe ya mpaka. Ataka kujenga ghorofa, na ametupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Jirani zangu waniambia niende kortini, eti nikikaa zaidi ya miaka 12 ardhi ni yangu. Mchicha huo ndio niuzao nikapata pesa ya unga. Nifanyeje? (Mama wa Mtopanga)*

Waaleykum salaam mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa hili.

Tuanze na korti tuimalize. Hiyo miaka 12 imo kwenye sheria ya Kenya, jirani zako hawakuitunga. Lakini imewekewa mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwengine waziwazi, bila idhini, na mwenyewe akanyamaza. Nyinyi mliambiwa limeni. Ile ruhusa aliyowapa ndiyo inayoliua dai lako. Sipendi kukwambia hivi, ila wakili wa kulipa atakula pesa ya unga ya mwaka mzima kisha akwambie maneno haya haya. Ukitaka kusikia kwa mwanasheria, waendee Kituo cha Sheria, wasiokuwa na uwezo huwasaidia bila malipo.

Minazi ni habari nyengine. Huku kwetu Pwani, tangu zama za wazee, ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na mtu akauza shamba lake huku mnazi wa jirani ungali ndani. Mwenye ploti wenu akiwa mtu wa Pwani atalielewa hilo bila kufafanuliwa. Akiwa si mtu wa huku, mweleze taratibu. Usidai mitatu mliyoikuta. Ile miwili mliyoipanda mwombe aitie thamani kabla hajaiangusha, na nenda na mzee wa mtaa, usiende peke yako. Aweza kukataa. Lakini mtu aliyewaachia ardhi miaka yote hiyo bila kutaka hata fungu la kunde si mkorofi, na wakorofi nimewaona katika kazi yangu ya afisa wa kilimo.

Sasa mihogo. Usiing'oe yote siku moja kwa sababu ya hofu. Muhogo ukishatoka ardhini hukaa siku mbili tatu, ndani unaanza mistari ya buluu na wateja wanaurudisha. Chimba wa kuuza na wa kupika, uliobaki umenye, uukate vipande, uuanike juani uwe makopa. Miti yake usichome. Chagua iliyokomaa, yenye unene wa kidole gumba, kata virefu, visimamishe kivulini chini ya mwembe wa mtu, mashina yakigusa udongo wenye unyevu. Vitakaa mwezi na zaidi vikingoja pa kupandwa.

Na kuna kitu ambacho hukukitaja, nacho ndicho mali yako kubwa pale: udongo. Ardhi ya Mtopanga ilivyo mchanga na matumbawe, ule weusi ulioko juu hapo mmeutengeneza nyinyi kwa samadi na majani ya kila msimu. Fundi akichimba msingi ataupakia kwenye lori ukatupwe shimoni. Mwombe mwenyewe uuchukue. Hana kazi nao, hatakunyima. Futi moja ya juu tu, ukifika penye weupe acha.

Udongo huo utie kwenye magunia. Chukua gunia la mahindi la kilo 90, weka mkebe usio na chini katikati, ujaze kokoto ndani ya mkebe na udongo kando yake, kisha vuta mkebe juu, ujaze tena, hadi mdomoni. Ile nguzo ya kokoto ndiyo itakayofikisha maji chini. Bila hiyo juu patakuwa tope na chini vumbi. Toboa mbavuni kwa mpangilio wa kupishana, panda sukuma wiki au spinachi kwenye matundu, na juu mwaga mchicha. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie. Maji ya sabuni ya kufulia usitumie, na yenye dawa ya kung'arisha nguo ndiyo kabisa.

Nakuonya jambo moja: kivuli. Ghorofa ikipanda upande wa mashariki, jua litawafikia saa sita mchana, na mchicha wa kivulini hurefuka shingo, majani yakawa membamba na mnunuzi akauacha. Nilipokuwa afisa wa kilimo wa nyanjani nilimjua mama mmoja wa Mishomoroni aliyezungukwa na majengo pande tatu. Aliacha mchicha akapanda tangawizi, manjano na nanaa. Tangawizi na manjano vyavumilia kivuli, nanaa nayo haina taabu. Alikuwa akipeleka nanaa kwa wauza chai wa jioni, na pesa yake ilikuwa nzuri kuliko ya mchicha.

Mwisho, wewe na wote wanaolima kwa hisani. Kazi yangu ilinianzisha kwenye mashamba ya Bombolulu, na kabla sijastaafu mashamba yale yale, na aghlabu wakulima wale wale, walikuwa wamesukumwa Utange na Mwakirunge. Hakuna aliyewafukuza kwa ubaya. Barabara ilikuja, ploti zikakatwa, bei ikapanda. Kwa hiyo mimi siku hizi nikiulizwa nipande nini, nauliza kwanza: ruhusa yako ni ya muda gani? Ikiwa ni ya mdomo tu, panda mchicha unaochumwa wiki tatu au nne baada ya kumwaga mbegu, majani ya kunde, mnavu. Sukuma wiki panda ukiwa na uhakika wa msimu mmoja. Muhogo wataka miezi minane kwenda juu, mpapai karibu mwaka, na mnazi usiuguse bila karatasi. Karatasi yenyewe si lazima ya wakili. Ukurasa mmoja: fulani amruhusu fulani alime, na akitaka ardhi yake atoe notisi ya miezi mitatu ili mazao yaliyo ardhini yavunwe. Sahihi mbili na shahidi. Matajiri wengi wataitia sahihi, kwa sababu inathibitisha pia kwamba ardhi ni yao.

*Bi Shamba, safu hii naisoma kwa sababu mke wangu huiacha mezani. Nina swali moja. Kwa nini mwawahangaisha watu na magunia? Mji ni wa nyumba, bandari na biashara. Watu wahitaji pa kulala. Chakula chatoka bara. Nenda soko la Kongowea alfajiri uyaone malori. Huo mchicha wa nyuma ya nyumba utalisha nani katika mji wa watu zaidi ya milioni? (Mwenye nyumba, Ganjoni)*

Nusu ya barua yako ni kweli tupu, ndugu yangu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 Mombasa; ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Ardhi ni ile ile, kilomita za mraba kama 220, na ndani yake kuna bandari, uwanja wa ndege, reli na viwanda. Hata tungebandua lami yote tukapanda mahindi tusingejilisha. Hapo sina ubishi. Na malori nayajua pengine kukushinda. Tungule hutoka Taveta na Loitoktok, nyengine Lushoto zikipitia Lunga Lunga. Machungwa ni ya Muheza, viazi na kabeji za Kinangop. Mchele wa Pakistan hata hausafiri, washuka hapo bandarini Kilindini.

Lakini wewe waamini njaa ya mjini ni chakula kukosekana sokoni. Nenda Kongowea siku mbaya ya mwaka, chakula utakikuta. Njaa ya mjini ni ya mfukoni. Kumbuka Aprili 2020, serikali ilipofunga kutoka na kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale kwa ajili ya korona. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita. Ila wahudumu wa hoteli, vijana wa ufuoni, wauza mahamri na wachukuzi walikuwa wamekaa nyumbani bila kibarua. Viazi vilikuwepo sokoni, na mtu alikuwepo na njaa yake, hatua chache kutoka hapo.

Pesa ikipungua, sahani hupunguzwa kwa mpango, na mpango huo haubadiliki nyumba hadi nyumba. Kwanza yaondoka nyama na samaki. Kisha matunda. Kisha tungule zawa nusu, mboga zawa siku moja moja, na mwisho kubaki sima na chumvi, au chai ya rangi na mkate. Tumbo limejaa, lakini mtoto hapati chuma wala vitamini A, na mama mjamzito ndiye wa mwanzo kuonekana macho meupe kliniki. Sasa tazama gunia langu latoa nini: mboga ya majani. Halijaribu kushindana na Kinangop. Latoa kile kile ambacho mfuko hukiacha mapema.

Na kuna hesabu ya biashara ambayo wewe mfanyabiashara ungeiona. Kiazi chaweza kukaa njiani siku mbili kisibadilike. Mchicha ukikatwa alfajiri, saa nane mchana umelala. Kwa hiyo viazi na vilimwe mbali, ila mchicha, mnavu na matembele vina faida kulimwa karibu na chungu. Mama aliye Mtopanga akiuza fungu mlangoni hana nauli, hana dalali, na hana lori lililokwama Mariakani.

Kujenga sikukataza. Jenga, watu walale. Nakuomba mawili tu kama mwenye nyumba. Usimwage saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Acha ukanda wa ardhi upande mmoja, hatua mbili zatosha. Na paa lako liwekee mfereji na tangi, mvua ya masika isiishie mtaroni. Kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kutokaa na njaa, na kilimo kikapewa kaunti. Nairobi ilitunga sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Siku ambayo Mombasa itakaa kuupanga mji na kuutengea mkulima sehemu, ningependa wenye nyumba muwe mezani pamoja nasi, si mlangoni mkiwa na kufuli.

Nisalimie mke wako.

*Bi Shamba shikamoo. Niko Mtongwe. Kisima chetu zamani maji yake yalikuwa matamu, sasa yana chumvi hata chai yaharibika. Sukuma wiki yangu yaungua pembeni mwa majani, na juu ya udongo kuna unga mweupe. Nimetia samadi zaidi lakini wapi. (Kijana mkulima, Likoni)*

Marahaba. Acha kuongeza samadi kwanza, hasa ya kuku, maana nayo ina chumvi yake.

Chini yetu huku ni mawe ya matumbawe, na maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, tabaka juu ya tabaka. Mvua ikiingia ardhini, tabaka tamu lanenepa. Mkivuta kwa pampu kuliko inavyoingia, lakonda, na chumvi yapanda kukutana na bomba lenu. Sasa hesabu ni nyumba ngapi zimechimba visima karibu yenu, na ni ua ngapi zimefunikwa saruji. Ndiyo maana nimemwambia yule bwana wa Ganjoni habari ya saruji.

Peke yako hutakirudisha kisima utamu. Unaloweza ni haya. Vuta kidogo kidogo, asubuhi, kwa ndoo ikiwezekana. Pampu ikikimbia saa nzima ndiyo inayoifuata chumvi. Mwagilia chini ya mmea, usinyeshee majani. Usinyunyize kila siku tone tone; mwagilia kwa wingi mara chache, maji yasukume chumvi ishuke chini ya mizizi, na hakikisha magunia na vitalu vinatoa maji chini. Ule unga mweupe kwangua uutupe mbali kabla mvua haijauyeyusha. Funika udongo kwa majani makavu au makumbi ya nazi, lakini makumbi yaliyolowekwa baharini yaoshe kwanza, usije ukajiongezea chumvi uliyokuwa ukiikimbia.

Halafu badilisha mazao. Spinachi na kiazi sukari (bitiruti) vyavumilia chumvi vizuri, na mchicha si mbaya. Maharagwe, karoti na vitunguu usijisumbue. Maji matamu, ya mvua au ya mitungi ya kununua, yawekee miche tu, kwani mche mchanga ndio unaokufa kwanza. Ukishashika, mpe ya kisima.

*Habari Bi Shamba. Sisi ni kikundi cha vijana, Mikindani. Tumepata kijisehemu kando ya mtaro, maji hayakauki mwaka mzima. Palikuwa na gereji hapo zamani. Mboga zamea vizuri sana, lakini wateja wengine wasema ni za maji taka. Je, tukiosha kwa chumvi si inatosha? (Kikundi cha Mikindani)*

Haitoshi, wanangu, na nafurahi mmeuliza kabla hajaugua mtu.

Mna matatizo mawili na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni maji. Mtaro wa mjini usiokauka kiangazi si chemchemi. Ni maji ya bafu na vyoo vya watu. Mboga zamea kwa sababu ni mbolea, lakini ndani yake kuna mayai ya minyoo na vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kuosha hupunguza, hakumalizi. Kama hamna maji mengine, lilimeni eneo hilo migomba na mipapai, tunda liko juu na lamenywa, nanyi wenyewe mvae buti na glavu. Majani ya kupika limeni kwingine, kwa maji mengine. Kachumbari msiitaje.

La pili ni udongo, na hilo ndilo linanitisha. Gereji humwaga oili, na humwaga asidi ya betri yenye risasi, yaani ile metali nzito ya ledi. Nyinyi wa Mikindani hamhitaji kuhadithiwa. Owino Uhuru iko hapo kwenu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Risasi haiozi. Petroli yenye risasi tuliiacha tangu 2006, lakini iliyoanguka kando ya barabara kuu kabla ya hapo ingali udongoni. Mboga za majani huivuta na hukamata vumbi lake, na vyakula vya mizizi ni vibaya zaidi. Vya tunda, kama tungule, mabenda na biringani, hupokea kidogo. Lakini mimi palipokuwa na gereji singelima ardhini hata biringani. Tandikeni turubai nzito, muweke magunia juu yake na udongo ulioletwa kutoka mahali mnapopajua. Na watoto wadogo msiwaachie wachezee pale, kwani mkono wa mtoto waenda kinywani, na risasi humwumiza ubongo mtoto kuliko mtu mzima.

Wateja wenu wana haki ya kuuliza. Mkishahamisha maji na udongo, waiteni waje waone.

*Bi Shamba, niko Mji wa Kale, nafuga kuku wa kienyeji darini. Kunguru wamenimalizia vifaranga. Kuna dawa? (Bi wa darini)*

Dawa ya sumu usitie. Hairuhusiwi kwa mtu binafsi, na atakayeila kwanza ni paka wa jirani, kisha ni vita vya ukoo.

Kunguru hawa ni wageni kutoka Bara Hindi, na wamezidi kwa sababu sisi twawalisha: mji ukikua, jaa lakua. Anza kwako. Matumbo ya samaki na mabaki ya wali yasikae wazi hata dakika tano. Kisha shuka ufuoni kwa wavuvi, ununue wavu mkuukuu, hauna bei. Ufunike juu ya banda na pande zote, uukaze kwa kamba usilegee, kwani ukilegea kunguru huukalia, ukabonyea, akamdokoa kifaranga akiwa juu yake. Tundu lisizidi upana wa vidole viwili. Waache vifaranga humo na mama yao hadi wiki ya nane, na maji yao yaweke kivulini, maana dari la Mji wa Kale saa saba mchana lawaka.